Usiwalaumu madogo, runinga ndiyo iliyoizika Pac-12

AGOSTI 4, 2023 ilikuwa Ijumaa. Siku hiyo ilipoanza, ligi ya vyuo ya Pac-12 huko magharibi mwa Marekani ilikuwa na timu tisa ambazo bado hazijaaga. Mpaka usiku unaingia, zilibaki nne.

Hakuna aliyefungwa. Hakuna aliyeshuka daraja. Hakuna hata mechi iliyochezwa, maana msimu wenyewe ulikuwa haujaanza. Oregon na Washington zilitimkia Big Ten. Arizona, Arizona State na Utah zikaenda Big 12. Wiki chache baadaye Stanford na California nazo zikafunga virago. Ligi iliyoanzishwa mwaka 1915, ikapita kwenye vita kuu mbili za dunia, ikabaki na timu mbili tu: Oregon State na Washington State.

Ukiwauliza wakongwe wengi wa mchezo huo nani kaua, watakuonyesha wachezaji. Watasema siku hizi madogo wanalipwa, wanahama kila mwaka, hawana mapenzi na jezi, tamaa imeharibu mpira. Hadithi tamu hiyo. Ila ukiiweka pembeni ya mikataba na tarehe zake, inaanguka yenyewe.

Kwa shabiki wa soka anayeusikia mchezo huu kwa mbali, hapa inabidi kusimama kidogo. Hawa ni wanafunzi wa chuo kikuu, na mpira wao ni ule wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti na kukimbia na mpira wenye umbo la yai. Lakini usifikirie bonanza la vyuo. Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000. Ule wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza 107,601. Penn State, Ohio State na Tennessee nao wana viwanja vya zaidi ya watu laki moja. Iko miji mingi Marekani haina timu ya kulipwa kabisa, na watu wake wanazaliwa, wanaoa na wanazikwa wakiwa mashabiki wa timu ya chuo. Hiyo ndiyo Simba yao, na jirani yao ndiyo Yanga.

Vyuo hivyo vimejigawa kwenye makundi yanayoitwa konferensi. Kila konferensi ni kama ligi inayojitegemea. Ina bingwa wake, ina bosi wake na, hili ndilo kubwa, inauza yenyewe haki zake za matangazo. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Unaingia kwa kualikwa, unatoka ukipata pazuri zaidi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani haki zote za runinga zilikuwa mikononi mwa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. NCAA ilikuwa na utaratibu ambao ukiutazama leo unaweza kucheka: timu haikuruhusiwa kuonyeshwa zaidi ya mara sita ndani ya miaka miwili. Lengo lilikuwa watu waende uwanjani na wakubwa wasimeze kila kitu. Wakubwa hawakufurahi. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ikawapa ushindi kwa majaji saba dhidi ya wawili. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa staa wa mchezo huo huo akiwa Chuo Kikuu cha Colorado. Mtu pekee pale mezani aliyewahi kuucheza kwa kiwango hicho alitaka mambo yabaki yalivyo.

Kuanzia hapo, kila mmoja akawa na bucha lake.

Shabiki wa hapa Bongo anaujua huu mjadala. Mwaka 2013, Azam ilipoingia kuonyesha Ligi Kuu, Yanga iligomea mkataba wa pamoja. Hoja ilikuwa ileile ya Oklahoma, kwamba wenye mashabiki wengi wanabebeshwa wasio nao. Mwishowe mkataba ukabaki mmoja kwa ligi nzima, na Mei 2021 TFF na Azam Media wakasaini mwingine wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Unaweza kulalamikia mengi kwenye mkataba ule, na watu wanalalamika kweli. Lakini Prisons hawalali wakiwaza kwamba Simba na Yanga wanaweza kuondoka kesho na kwenda kuanzisha ligi yao kwa sababu kituo kimoja cha runinga kimewaita.

Wenzao wa Oregon State walilala na wazo hilo, na lilipotimia hawakuwa na la kufanya.

Tazama fedha zenyewe. Agosti 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba wenye thamani ya zaidi ya Dola 7 bilioni. Yaani ule mzigo wote wa Azam wa miaka 10, ambao kwa bei ya wakati ule ulikuwa chini kidogo ya Dola 100 milioni, Big Ten inauingiza karibu mara kumi kwa mwaka mmoja. SEC, ligi ya kusini wanakotoka Alabama na Georgia, ikaingia na ESPN kwa miaka 10 kuanzia 2024 kwa takriban Dola 300 milioni kwa mwaka. Kabla ya hapo, CBS walikuwa wakiilipa kama Dola 55 milioni kwa mechi yao kubwa ya kila wiki. Na yale mashindano ya kumpata bingwa wa taifa yakapanuliwa kutoka timu nne hadi 12 kuanzia msimu wa 2024, ESPN ikayachukua kwa Dola 7.8 bilioni kwa miaka sita.

Ukiwa na mkwanja wa aina hiyo mfukoni, unaanza kutafuta cha kununua.

Juni 30, 2022, wiki chache kabla Big Ten haijasaini, USC na UCLA za Los Angeles zilitangaza kuihama Pac-12. Los Angeles ni soko la pili kwa ukubwa la runinga Marekani, nyuma ya New York. Kuanzia hapo Pac-12 ilikuwa mgonjwa. Kwa taarifa zilizoripotiwa huko, ESPN iliwapa ofa ya takriban Dola 30 milioni kwa kila chuo, mabosi wa ligi wakaikataa wakitaka 50. Mwaka mmoja baadaye walichoweza kupeleka mezani ni ofa ya Apple ambayo malipo yake yalitegemea ni watu wangapi wangejiunga. Vyuo vikatazamana, kila mmoja akapiga simu yake.

Hapa lazima isemwe wazi kwamba Pac-12 walijikoroga wenyewe pia. Mwaka 2012 walianzisha chaneli yao, wakaimiliki asilimia mia bila kushirikiana na yeyote. Walijiona wajanja. Miaka 12 iliyofuata hawakuwahi kuelewana na DirecTV, moja ya kampuni kubwa za ving'amuzi vya dishi nchini humo. Mashabiki mamilioni wakawa hawaoni mechi za timu zao. Ni sawa na kuwa na duka zuri katikati ya msitu. Wakati Big Ten inagawa kwa kila mwanachama kamili zaidi ya Dola 60 milioni kwa mwaka, Pac-12 ilikuwa inagawa kama Dola 33 milioni. Pengo hilo ndilo lililoua ligi.

Sasa wachezaji wanaingia wapi?

Mpaka Julai 1, 2021 mchezaji wa chuo alikuwa haruhusiwi kupata hata senti kwa jina lake. Asingeweza kutangaza duka la baiskeli wala kuuza saini yake. Alipewa ada, chumba, chakula na posho ndogo, basi. Na neno lililotumika kulinda utaratibu huo, "mwanafunzi-mwanamichezo", lina historia yake. Miaka ya 1950 mchezaji mmoja wa chuo kidogo huko Colorado alifariki baada ya kuumia kichwani uwanjani. Mjane wake akadai fidia, ileile anayolipwa mfanyakazi aliyekufa kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ikamnyima, ikisema chuo hakikuwa kwenye biashara ya mpira. Walter Byers, aliyeiongoza NCAA kwa zaidi ya miaka 30, alikuja kueleza kwenye kitabu chake kwamba neno hilo walilibuni wao, kwa kuogopa madai ya namna hiyo hiyo.

Hakuna biashara ya mpira! Wakati huo makocha walikuwa tayari ni wafalme. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher huku mkataba ukiilazimisha kumlipa zaidi ya Dola 75 milioni. Hizo si za kufundisha. Ni za kuacha kufundisha. Aliyepitisha malipo hayo hana haki ya kumnyooshea kidole kijana wa miaka 20 aliyechukua fedha za tangazo la magari.

Kisa cha Reggie Bush kinaeleza kila kitu. Mwaka 2005 akiwa USC alishinda tuzo ya Heisman, ambayo kwa vyuo ni kama Ballon d'Or. Baadaye ikabainika kwamba yeye na familia yake walipokea fedha na zawadi akiwa bado mchezaji. USC wakapokonywa ubingwa, na yeye mwaka 2010 akairudisha tuzo. Aprili 2024 wakampa tena, kwa sababu kile alichoadhibiwa nacho sasa ni jambo la kawaida kabisa. Miaka 14 ya kuitwa mwizi imepita, hakuna wa kumlipa.

Kilichowafungulia madogo mlango si huruma. Juni 2021 Mahakama Kuu, majaji wote tisa, iliigomea NCAA kwenye kesi ya Alston. Jaji Brett Kavanaugh akaongeza ya kwake, kwamba hakuna biashara nyingine Marekani inayoweza kukubaliana kutowalipa watu wake thamani yao kisha ikaita jambo hilo utamaduni. Juni 2025 yakaja makubaliano ya kesi ya House: takriban Dola 2.8 bilioni za fidia kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na kuanzia Julai 1 mwaka huo kila chuo kikaruhusiwa kugawa moja kwa moja kwa wanamichezo wake hadi Dola 20.5 milioni kwa mwaka. Fungu kubwa linakwenda kwenye mpira.

Sasa panga tarehe. Kesi iliyofungua soko ni ya 1984. Texas A&M ilihamia SEC mwaka 2012. Maryland na Rutgers, timu za pwani ya mashariki, ziliingia Big Ten mwaka 2014, na Rutgers ilichukuliwa kwa sababu moja, iko pembeni ya New York na runinga zake. Mchezaji wa kwanza kulipwa kihalali kwa jina lake alilipwa 2021. Vyuo vilikuwa vinahama kwa miaka mingi kabla dogo yeyote hajagusa kitu. Mwenye tamaa ya kwanza anajulikana.

Hii haina maana kwamba usajili wa sasa hauna kasoro. Una vurugu nyingi. Tangu 2021 mchezaji anahama bila kukaa benchi mwaka mzima kama zamani, na tangu 2024 anaweza kuhama mara nyingi atakavyo. Wanaoumia ni wadogo. Cam Ward aliibukia Incarnate Word, akaenda Washington State, akang'ara, kisha Miami ikamchukua na kutoka hapo akawa wa kwanza kuchaguliwa kwenye usajili wa NFL mwaka 2025. Aliyefuata nafasi yake pale Washington State, John Mateer, akacheza msimu mmoja, Oklahoma ikambeba. Chuo kile kimekuwa Mtibwa ya zamani, kinapika, wengine wanakula. Lakini Ward na Mateer waliondoka baada ya ligi kufa. Walimkuta marehemu tayari ameshazikwa.

Na kuzikwa kwenyewe kulikuwa kwa ajabu. Msimu wa mwisho wa Pac-12 kamili, wa 2023, ulikuwa miongoni mwa misimu yake bora. Washington ilikwenda hadi fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan 34-13 Januari 2024. Ligi inafika fainali, miezi michache baadaye haipo. Kwa hiyo haikufa kwa sababu ya kiwango. Washington State iko Pullman na Oregon State iko Corvallis, miji midogo yenye runinga chache. Hawakuachwa kwa kuwa wabovu, waliachwa kwa kuwa majirani zao ni wachache.

Ramani iliyobaki inachekesha. Big Ten ina timu 18. Big 12 ina 16. Ligi ya Pwani ya Atlantiki, ACC, ina Stanford na California, ambazo ziko pwani ya Bahari ya Pasifiki. Stanford na California zilikubali kulipwa sehemu ndogo ya mgawo kwa miaka mingi ili mradi zipate pa kukaa. SMU ya Dallas ilikwenda mbali zaidi, ikakubali kutochukua fedha za runinga za ACC kwa miaka tisa. Kulipa kiingilio ili ucheze ligi!

Mechi ya usiku ikianza Los Angeles saa 1:30, kwa shabiki wa Rutgers kule New Jersey ni saa 4:30 usiku. Timu ya mpira ina ndege yake, itasafiri bara zima kwa raha. Lakini mkataba wa mpira umewabeba na wasichana wa mpira wa wavu, ambao runinga haiwalipii chochote cha maana, wao wanavuka nchi katikati ya wiki kisha asubuhi wana mtihani.

Na shabiki? Shabiki kapokonywa dabi. Oklahoma na Oklahoma State zimekuwa zikikutana tangu 1904, na kuanzia 1910 hazikuruka hata mwaka mmoja. Oklahoma ikafuata fedha za SEC. Mechi ya mwisho ilipigwa Novemba 4, 2023, Oklahoma State ikashinda 27-24 na watu wakaingia uwanjani kusherehekea, wakijua hakuna marudiano. Oregon na Oregon State, vyuo vilivyo umbali wa kama kilomita 70, vilianza kukutana mwaka 1894. Dabi yao ilikuwa ya mwisho wa Novemba, baridi kali, msimu ukiamuliwa. Mwaka 2024 na 2025 ilisukumwa Septemba, kama mechi ya kujipima ubavu.

Wapo watakaotaja Texas na Texas A&M. Ni kweli, dabi hiyo ilikufa 2011 na ikafufuka Novemba 2024, Texas ikashinda 17-7, na ilikuwa bonge la mechi. Ila angalia imefufukaje. Fedha zilizowatenganisha ndizo zilizowakutanisha tena ndani ya SEC, kwa sababu wote wawili ni wakubwa na wote wawili wanauza. Dabi ya mkubwa na mkubwa itarudishwa siku zote. Ya mkubwa na jirani yake mdogo haina mnunuzi, na dabi nyingi duniani ziko hivyo.

Hata ndani ya kundi la wakubwa usalama haupo. Florida State ilimaliza 2023 bila kufungwa, mechi 13, ubingwa wa ACC mkononi, ikaachwa nje ya timu nne za kuwania ubingwa wa taifa. Alabama ya SEC, iliyokuwa imefungwa mechi moja, ikachukuliwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kipa mipango wa Florida State, Jordan Travis, alikuwa ameumia. Labda. Lakini mwezi huohuo wa Desemba chuo kile kilikimbilia mahakamani kutaka kutoka ACC, kikidai kuondoka kungekigharimu Dola 572 milioni. Somo walilolipata ni kwamba kushinda mechi zote hakutoshi ukiwa kwenye ligi ambayo runinga inailipa kidogo.

Oregon State na Washington State hawakukata tamaa. Walikwenda mahakamani wakaachiwa jina la Pac-12 na usimamizi wa kilichobaki. Wamezialika Boise State, Fresno State, San Diego State, Colorado State, Utah State na Texas State kujiunga kuanzia 2026. Kabla ya hapo walicheza misimu miwili ya ligi ya timu mbili, wakiokoteza wapinzani huku na kule. Mwaka 2025 ratiba ilikuwa na mapengo kiasi kwamba walikutana wenyewe kwa wenyewe mara mbili ndani ya mwezi mmoja wa Novemba. Corvallis, Oregon State ilishinda 10-7. Pullman, Washington State ikalipiza 32-8.